Ford 8.8 chini ya Jeep: ekseli ya nyuma ninayoipa alama za juu, mradi tairi lisipite inchi 35

Nianze na hukumu, ili asiye na muda aondoke na kitu mkononi. Kama una Jeep Wrangler TJ au Cherokee XJ yenye ekseli ya Dana 35 nyuma, na unataka kuvaa matairi ya inchi 33 hadi 35 na kupanda mawe ukiwa na difloki (kifaa kinachofunga difu, yaani gia za katikati ya ekseli, ili magurudumu yote mawili yazunguke pamoja), ifunge ekseli ya Ford 8.8 ya Ford Explorer ya 1995 hadi 2001. Ndiyo iliyo chini ya TJ yangu, injini ya lita 4.0 na gia za mkono, na sina hamu ya kuibadilisha. Lakini kama moyo wako uko kwenye inchi 37, iache. Hela na nguvu za kuifunga ziende kwenye ekseli kubwa zaidi, ambayo nitaifikia huko chini.

Watu wengi huchagua ekseli kwa kipenyo cha krauni, ile gia kubwa ya duara ndani ya difu. Wanasikia inchi 8.8 ni kubwa kuliko 8.5, basi wanadhani kazi imekwisha. Krauni ina umuhimu wake, ila mimi huanza na shafti, fimbo inayotoka kwenye difu kwenda kuzungusha gurudumu, kwa sababu shafti ndiyo hukatika mara nyingi zaidi gari linapobanwa kwenye jiwe. Dana 35 ina krauni ya inchi 7.58 na shafti zenye meno 27 mwishoni, zenye unene wa inchi 1.18. Ford 8.8 ya Explorer niliyoitaja ina shafti za meno 31, unene wa inchi 1.32. Ukizishika mbili hizo mkononi utaona tofauti ndogo tu. Hesabu inasema vingine: uwezo wa chuma cha mviringo kustahimili kusokotwa hukua kwa kipeo cha tatu cha unene wake. Kutoka 1.18 hadi 1.32, kwa chuma cha ubora uleule, umeongeza takriban asilimia 40. Ukifika inchi 1.5, kama zilivyo shafti za Dana 60 zenye meno 35, umepata mara mbili ya ulichoanza nacho. Hesabu hii ifanye kabla ya kusikiliza sifa za mtu yeyote, zangu zikiwemo.

Halafu tazama ni mzigo gani unaofika huko nyuma. Injini ya 4.0 ya Jeep hutoa nguvu ya kuzungusha ya karibu Nm 300. Weka gia ya kwanza ya gia boksi ya AX-15, ambayo ni 3.83, transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) kwenye gia nzito ya 2.72, na difu ya 3.73. Zidisha zote na utapata zaidi ya Nm 11,000 kwenye magurudumu, kabla ya kutoa kinachopotea kwenye msuguano. Hakuna shafti ya gari dogo iliyoundwa kubeba hiyo yote peke yake. Kinachoiokoa ni kwamba tairi huteleza kabla nguvu haijafika huko. Kwenye mchanga, tope au changarawe tairi huzunguka bure na shafti inapumua. Matatizo huanza pale tairi lilipojikita kati ya mawe mawili na haliwezi kuteleza, au pale gari linaporuka, tairi likazunguka hewani, kisha likatua ghafla kwenye mwamba mkavu huku mguu bado uko kwenye mafuta. Pigo la namna hiyo hukata shafti iliyokuwa ikivumilia kila siku.

Difloki huongeza hatari hii, na hapa naomba msomaji atulie kidogo. Difu ya kawaida hugawa nguvu sawa kwa magurudumu mawili, kwa hiyo gurudumu lililo hewani likizunguka bila kazi, hata lile lililoshika ardhi halipati kitu. Inaudhi, lakini inalinda shafti. Ukifunga difloki, iwe ya hewa, ya umeme au ya kujifunga yenyewe, gurudumu lenye mshiko linaweza kupokea nguvu yote ya ekseli kupitia shafti moja. Ndiyo maana nasema difloki na shafti vinunuliwe kwa wazo moja. Mtu anayefunga difloki kwenye Dana 35 yenye shafti za kiwandani na matairi ya inchi 33 amesogeza tatizo kutoka kwenye kukwama hadi kwenye kuvunjika.

Unapoikagua ekseli kuukuu ya Explorer, vitu vinavyonipendeza ni hivi. Kwanza, breki za nyuma ni za diski, na ndani ya diski kuna dramu ndogo ya hendibreki. Kwa gari linalovuka maji na tope, diski hukauka upesi na hujisafisha. Dramu hukusanya matope na kukaa nayo. Pili, stadi zake (boliti za kufungia gurudumu) ni tano kwenye duara la inchi 4.5, yaani milimita 114.3, sawasawa na TJ na XJ. Rimu zako zinaingia bila kuhangaika. Tatu, upana wake unapungua kwa karibu inchi moja tu ukilinganisha na ya Jeep, nusu inchi kila upande, na hilo halionekani hata ukilitafuta. Nne, paipu zake zina kipenyo cha inchi 3.25, nene kuliko za Dana 35 kwa kiasi ambacho jicho linaona bila rula. Paipu nyembamba hupinda gari linapotua vibaya, na ekseli iliyopinda hula sili na beringi polepole huku mwenye gari akibadilisha vipuri asijue ugonjwa uko wapi.

Zingatia mwaka. Kuanzia Explorer ya 2002, Ford walihamia kwenye suspensheni huru ya nyuma, kwa hiyo difu yake haina paipu wala faida kwako. Kuna pia 8.8 za miaka ya mwanzo ya Explorer zenye dramu na shafti za meno 28. Kwenye boliti moja ya kifuniko cha difu huwa kuna kibati kidogo cha chuma. Ukisoma 3L73, ile L maana yake ni difu yenye klachi za kupunguza kuteleza, na uwiano ni 3.73. Kibati kikiwa kimepotea, zungusha propela (shafti inayotoka kwenye transfa hadi difu) na uhesabu mizunguko, au fungua kifuniko uhesabu meno: krauni 41 na piniani (gia ndogo inayoizungusha krauni) 11 ni 3.73, 41 na 10 ni 4.10. Ukishafungua, tia kidole kwenye oili. Vumbi laini la chuma kwenye sumaku ni la kawaida. Vipande vinavyokwaruza ngozi si vya kawaida, na hiyo ekseli iache hapo hapo. Shika flenji ya piniani na uisukume juu na chini: ikicheza, beringi zimekwisha. Angalia pia meno ya krauni upande wa kuendea mbele, maana huko ndiko kazi yote hufanyika.

Sasa niseme kasoro, kwa sababu zipo na si ndogo.

Difu ya 8.8 haiko katikati. Piniani imesogea upande wa kulia kwa takriban inchi mbili, na shafti zake hazilingani urefu. Kwenye TJ propela huvumilia mkao huo. Kuna wanaoikata paipu ndefu ya kushoto na kutumia shafti mbili fupi za upande wa kulia, ili piniani ikae katikati na ekseli iwe nyembamba zaidi. Ni kazi nzuri kwa Jeep nyembamba za zamani. Kwa TJ sioni sababu.

Kasoro ya pili ni paipu zenyewe. Zimeshindiliwa ndani ya kitovu, yaani nyumba ya difu iliyo katikati, cha chuma cha kusubu na kushikiliwa na alama chache za kulehemu. Ukiipa ekseli kazi ngumu, paipu huweza kuzunguka ndani ya kitovu. Dawa yake ni kulehemu paipu na kitovu kuzunguka duara lote, na hii si kazi ya kufanywa jioni na mtu mwenye mashine tu. Chuma cha kusubu hakipendi joto la ghafla. Lazima kipashwe moto kwanza, kilehemiwe kwa vijiti vyenye nikeli, vipande vifupi, kwa kuhama upande huu na ule, kisha kiachwe kipoe taratibu kikiwa kimefunikwa. Mimi nilimwachia mchomeleaji aliyezoea chuma cha kusubu, nikasimama pembeni na rula ndefu. Baada ya kila awamu tulipima unyoofu wa paipu kabla ya kuendelea. Mtu akikuambia hahitaji kupasha moto, chukua ekseli yako uondoke.

Kasoro ya tatu ndiyo inayonisumbua kuliko zote: shafti za 8.8 zinashikiliwa na klipu ya umbo la C ndani ya difu. Hii ni ekseli ya semifloti, maana yake shafti hubeba uzito wa gari na pia huzungusha gurudumu. Ikikatika, kipande cha nje hakina kinachokizuia isipokuwa kalipa ya breki, ambayo haikuundwa kwa kazi hiyo. Gurudumu linaweza kutoka pamoja na kipande hicho. Dana 35 nyingi zina klipu zilezile, kwa hiyo hujapoteza kitu, ila hujapata pia. Kuna vifaa vinavyouzwa vya kuondoa klipu hizo na kuweka beringi iliyoshindiliwa kwenye shafti. Sivipendi kwa gari la mawe, kwa sababu nyingi za beringi hizo hazipendi mzigo wa kusukumwa kwa pembeni, na sili zake huvuja mapema. Afadhali shafti bora za chuma cha aloi zenye klipu nzuri kuliko marekebisho yanayoondoa hofu moja na kuleta nyingine.

Ufungaji wenyewe ndio unaokula muda. TJ inatumia springi za koili na mikono minne pamoja na fimbo ya kuzuia gari kuyumba pembeni, kwa hiyo kila kiti cha springi, kila sikio la mkono na kila kishikio cha shoki lazima kichomelewe upya kwenye paipu. Kwa sababu kitovu cha 8.8 kimesogea, sikio moja la mkono wa juu hukosa paipu ya kukalia, na ndipo linapohitajika daraja la chuma linalovuka juu ya kitovu. Daraja hilo huimarisha ekseli nzima dhidi ya kupinda, na mimi ningelifunga hata kama lisingehitajika. XJ ni rahisi zaidi: springi za majani, viti viwili, vishikio vya shoki, basi.

Usichomelee chochote moja kwa moja kabla ya kupanga pembe ya piniani. Gari likae chini kwa uzito wake wote, ekseli ikiwa imeshikizwa kwa alama tu. Kama propela yako ina krosi (kiungo kinachoiruhusu kupinda ikizunguka) moja kila mwisho, piniani ilingane na shafti ya kutoka kwenye transfa, sambamba. Kama upande wa transfa una krosi mbili, basi piniani ielekezwe kwenye transfa yenyewe, ikishushwa digrii moja au mbili, kwa kuwa gari likivuta piniani hupanda. TJ ni fupi na propela yake ya nyuma ni fupi pia, hivyo digrii chache unazosikia kama jambo dogo zitakurudia kama mtetemo katika mwendo wa barabarani.

Flenji ya Ford ni ya duara na propela ya Jeep haiingii hapo. Tumia flenji ya kuunganishia inayofungwa juu ya ile iliyopo. Faida yake ni kwamba huigusi nati kubwa ya piniani. Nyuma ya nati ile kuna bushi inayobonyea ili kupata mkazo sahihi wa beringi. Ukiilegeza, inabidi uweke bushi mpya na kupima mkazo upya. Nimewaona mafundi hodari wakiiondoa nati kwa spana ya hewa na kuirudisha kwa kukadiria. Beringi haijui ukadiriaji.

Tundu la kihisi cha mwendo juu ya difu lizibe kwa kizibo au liache na kihisi chake kisichounganishwa, kwani TJ hupata mwendo wake kutoka kwenye transfa. Keboli za hendibreki zitahitaji kupangwa upya. Hayo ni madogo.

Uwiano wa difu ufikirie mapema, maana ya mbele na ya nyuma lazima zilingane. Zikipishana, transfa itasokotwa ukiwa kwenye gia za magurudumu manne. Kanuni ni nyepesi: zidisha uwiano wa sasa kwa tairi jipya, ugawe kwa la zamani. Ulikuwa na 3.73 na tairi la inchi 29, unahamia 33: unapata 4.24, kwa hiyo 4.10 ikiwa unasafiri sana barabarani, au 4.56 ikiwa unapanda zaidi. Kwa 35 jibu ni 4.50, na 4.56 ndiyo iliyo karibu. Kumbuka kwamba kadiri uwiano unavyopanda, piniani inapungua meno na kichwa chake kinakuwa kidogo. Hapa 8.8 inaishinda Dana 44, kwa kuwa shina la piniani yake lina unene wa zaidi ya inchi 1.6 wakati la Dana 44 ni karibu 1.38.

Na Dana 44 yenyewe? Ile ya nyuma ya TJ ina krauni ya inchi 8.5 na shafti za meno 30, unene wa inchi 1.31. Kwa shafti, ni ndugu wa 8.8, na haina klipu za C. Ukipata iliyotoka kwenye TJ nyingine ikiwa nzima, ichukue bila kusita: inafungwa kwa boliti, hakuna kulehemu, hakuna kupima pembe. Nilichagua 8.8 kwa sababu Explorer zilitengenezwa kwa wingi na ekseli zake zinapatikana kirahisi kuliko Dana 44 za TJ, ambazo kila mwenye Jeep anazitafuta. Sikuichagua kwa kuwa Dana 44 ni dhaifu.

Kuhusu wale wanaobaki na Dana 35 na kuiwekea shafti nene za meno 30 pamoja na difloki mpya: shafti zitakuwa nzuri, sikatai. Lakini krauni inabaki ya inchi 7.58 na paipu zinabaki zilezile. Kwa matairi ya inchi 31 au 33 na dereva mtulivu ni jibu halali. Zaidi ya hapo umeimarisha kiungo kimoja ukaacha vile vinavyokifuata.

Ford inchi 9, iliyotoka 1957, bado ina wapenzi wake, na wana sababu. Fungu lake lote la gia hutoka mbele kwa kufungua nati, kwa hiyo unaweza kupanga gia juu ya meza badala ya kulala chini ya gari, na piniani yake imeshikwa na beringi pande zote mbili za meno. Tatizo ni kwamba piniani inaingia chini sana ya katikati ya krauni. Meno yanasuguana zaidi na kupoteza nguvu kiasi, na kwenye gari fupi lililoinuliwa propela inalala kwa pembe kali. Kwa pikapu ndefu ningeifikiria. Kwa TJ hapana.

Juu ya inchi 35, mambo hubadilika kabisa, na ninawasihi watu wasijidanganye hapa. Unahitaji fulufloti. Kwenye ekseli hiyo habu ya gurudumu hukaa juu ya beringi mbili zilizo nje ya paipu, na paipu ndiyo inayobeba gari. Shafti inazungusha tu. Ikikatika, unafungua boliti za kifuniko cha habu, unavuta vipande, unaziba, na unarudi nyumbani kwa magurudumu ya mbele, huku gurudumu la nyuma likiwa limesimama mahali pake. Nimelishuhudia hilo kwenye gari la rafiki, njiani, kwa spana moja na taa ya kichwani, na hakuna maelezo ya kiwandani yaliyowahi kunishawishi kama lile.

Wawili wanaostahili kutazamwa ni Dana 60 yenye krauni ya inchi 9.75, na ile ya GM yenye boliti 14 kwenye kifuniko na krauni ya inchi 10.5, iliyoanza kufungwa 1973. Ya GM ina shafti za meno 30 zenye unene wa zaidi ya inchi 1.5, na piniani yenye beringi tatu. Ni vigumu sana kuivunja kwa injini ya silinda sita. Bei yake unailipa kwa uzito: inapita kilo 200, na uzito huo hauko juu ya springi, uko chini yake, kwa hiyo shoki zinafanya kazi zaidi na gari linarukaruka kwenye mawe madogo. Kitovu chake kinaning'inia chini pia, mpaka wengine hukata sehemu ya chini na kuchomelea bamba jipya ili kupata nafasi. Stadi ni nane kwenye duara la inchi 6.5, hivyo rimu zote zinabadilika, na ekseli ya mbele lazima ifuate. Ukiingia kwenye njia hiyo, ingia na bajeti ya gari zima.

Wenye Land Cruiser 80 Series wanaosoma hapa watabasamu tu, kwa kuwa nyingi kati ya hizo zilitoka kiwandani na fulufloti ya krauni ya inchi 9.5 nyuma. Wao waanze na breki na difloki, ekseli waiache.

Baada ya kufunga gia mpya, ziendeshe kwa upole dakika 15 hadi 20, kisha simama difu ipoe kabisa kabla ya kuendelea. Rudia hivyo mara kadhaa, bila kuvuta mzigo. Oili ya kwanza imwagwe kwenye kilomita 800 hivi, kwani itakuwa imebeba unga wote wa meno yanayozoeana. Kama difu yako ni ile ya klachi yenye herufi L kwenye kibati, ongeza kilainishi chake maalumu, la sivyo itanguruma kwenye kona. Na siku hiyo hiyo ya kumwaga oili, lala chini na tochi ukague kila mshono wa kulehemu kwenye viti vya springi na kwenye daraja. Mshono uliopasuka huanza na mstari mwembamba wa kutu, na ukiuona mapema unasagwa na kuchomelewa upya kabla haujafika kwenye paipu.